Mahindi ya Matoleo na Kuku wa Wamaza

Mke wangu alikuja Kasongo kutoka Wamaza na tetea mmoja mweusi ndani ya kikapu, zawadi ya mama yake. Kuku wote wa uani kwetu ni uzao wa yule. Mke wangu alipofariki aliniachia matetea watatu na jogoo. Nikifungua banda asubuhi, nilikuwa kama niko naye kidogo.

Mimi ni katekista. Mwaka ule waamini walileta matoleo ya mavuno mvua ingali inanyesha, na mahindi yakaota kuvu ndani ya magunia. Lakini yalikuwa yamekwisha kubarikiwa. Mkono wangu ulikataa kuyatupa. Nikawapa kuku. Wakala, wakataga, nikamshukuru Mungu.

Mayai yakaatamiwa, mengi hayakutotolewa. Niliyapasua nikakuta vifaranga wamekufa ndani. Wachache waliotoka hawakumaliza juma. Mara ya pili ikawa vilevile. Nilifunga na kusali, nikidhani nimemkosea Mungu. Kisha matetea wawili wakafa, akabaki mmoja, naye mzee.

Jirani yangu, mama Mwislamu anayefuga kuku wa kuuza, alikuja kunipa pole. Akachota mahindi, akanusa.

"Baba Katekista, ulibariki mahindi ao ulibariki kuvu?"

"Mama, usicheke vitu vya Mungu."

"Sicheki. Hii iko na sumu. Kuku anakula, unamuona muzima, kumbe sumu inaingia mu mayai. Hata mimi ilinimalizia vifaranga. Bibi yako alikuwa anachagua punje moja moja. Ile mbovu alikuwa anaifukia nyuma ya jiko, usimuone. Alisema, 'Muzee wangu atahuzunika.'"

Miaka yote ile nilimshukuru Mungu kwa vifaranga, na mke wangu sikumshukuru hata mara moja.

Nilifukia magunia yote, nikasali sala fupi. Yule tetea nikamlisha mahindi makavu niliyoyachagua mwenyewe. Kwa majuma kadhaa sikumwachia mayai ya kuatamia mpaka sumu imtoke mwilini, kama jirani alivyonielekeza, huku nikiogopa kwamba ataacha kutaga. Mwishowe akalalia mayai saba. Walitoka watano, wakasimama, wakamfuata mama yao mbio.

Nikawaita kwa Kibangubangu, kama mke wangu alivyowaita. Tangu tumzike sikuwa nimetamka neno la lugha yake nyumbani. Hapakuwa na wa kunijibu. Vifaranga wakaja.