Tfarrah na Sinia la Wenzake

Majuma yale ya kumnonesha Nguia kwa ajili ya harusi yake, Tfarrah alikula kwa macho. Alilala upande wake wa hema, melhfa, nguo yake ndefu ya kujitanda, imemfunika mpaka usoni, na katika upenyo mdogo aliouacha wa kuvutia pumzi alimtazama mdogo wake akilishwa. Shangazi Embarka alikuwa ametoka kambi ya jirani kwa kazi hiyo moja tu. Bwana harusi alitaka mke mwenye mwili, kama wanaume wengi wa jangwa lile, na shangazi hakuwa mtu wa kukubali kuaibishwa. Alifinyanga matonge ya kuskusi yaliyolowa siagi, akamtia Nguia mdomoni moja baada ya jingine, akayasindikiza na maziwa ya mbuzi.

"Nimeshiba, shangazi."

"Aliyeshiba haongei. Fungua mdomo."

Nguia akacheka, akajifuta kidevu, akalamba siagi iliyomtiririkia kutoka kiganjani kuelekea kwenye kiwiko. Hapo ndipo roho ilipomchoma Tfarrah. Matonge angeyasamehe. Kule kulamba, hapana.

Tfarrah alikuwa na ugonjwa wa ngano: hata chembe yake ikimwingia tumboni, mwili wote huugua. Si jambo geni katika kambi zile za wakimbizi. Hupiti mahema mengi kabla hujamkuta mwenye nao. Lakini unga wa mgao ni ngano, mkate unaofukiwa katika mchanga wa moto uive ni ngano, na kuskusi ni ngano. Mgeni akija ni ngano, maiti akizikwa ni ngano. Yeye aligunduliwa angali mtoto, tumbo limevimba kama ngoma na miguu imebaki vijiti. Tangu hapo akawa mtu wa wali, dengu na tende, na nyama siku ikipatikana. Akakua mrefu na mwembamba, mahali ambapo wembamba wa mwanamke unahesabiwa karibu na kilema.

Aliwahi kuchumbiwa. Mama wa kijana alikuja kula kwao, akamwona binti amekaa pembeni na kibakuli chake, akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba nyumbani kwake watu hula sinia moja. Uchumba ukafa kimyakimya. Baada ya hapo ndipo kulala kulipoanza, mwanzo mchana tu, baadaye kutwa nzima. Aliacha kuchana nywele. Mtu akimsemesha, machozi yalikuwa karibu kuliko jibu. Majirani walisema ni jicho la watu, wengine wakataja majini. Shangazi Embarka alisema ni uvivu.

Mama yao, Fatimetu, alikitupa kile kibakuli. Alikuwa mwanamke wa moyo laini, na alichokiona yeye ni kwamba mwanawe anauawa na upweke. Basi kila mlo alipika wali wa Tfarrah kwa sufuria yake, kwa uangalifu mkubwa, kisha akaupanga kwenye ukingo wa sinia kubwa la kuskusi, mbele ya mahali pa Tfarrah, ili ale na watu. Hakuna aliyeona kosa. Kwao, asiyetia mkono sinia moja na wenzake ni mgeni au ni adui.

Siku moja Salka, muuguzi wa zahanati, alipita kuuliza mbona Tfarrah haonekani tena. Alipoona maandalizi ya harusi akasema ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo, kwa hiyo Nguia naye apimwe kabla hajawa mama wa watu. Damu ikachukuliwa, ikapelekwa mjini.

Na Tfarrah akaamka.

Hakuna aliyejua kwa nini. Alioga, akachana nywele, akafagia mchanga mlangoni. Alipika wali kwa mkono wake. Fatimetu alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakasikia. Hata kazi ya kusuka nywele za bibi harusi, ambayo kwa desturi ya nyumba yao ilikuwa ya dada mkubwa, Tfarrah alisema ataifanya yeye. Alianza kukusanya shanga.

Lakini kichwani mwake, wakati vidole vikichambua shanga, alikuwa akimwona Nguia amekaa naye pembeni, wali katikati yao, wanawake wengine wakiwatazama kwa huruma. Nguia akikonda kidogo kidogo. Nguia akilia kwa ajili ya mkate. Picha hiyo ilimtuliza kuliko dawa. Usiku kwenye sala aliongeza dua moja, akaisema haraka ili asijisikie mwenyewe.

Majibu yalipokuja, Nguia aliyaleta kwa miguu yake kutoka zahanati, akihema kwa unene wake mpya.

"Sina," akasema. "Shangazi, endelea kunijaza."

Tfarrah akamuuliza kama wana hakika. Nguia akasema Salka mwenyewe ndiye aliyemwambia. Tfarrah akauliza tena, labda damu zilibadilishwa. Nguia akamkazia macho.

"Mbona umenuna, dada, kama nimekuletea msiba?"

"Nilikuombea uwe nao."

Ilimtoka hivyo, kavu. Shangazi Embarka aliweka mkono juu ya kichwa cha Nguia na kuanza kusoma dua ya kinga, akamwinua, akamtoa nje. Mlangoni akamwambia Fatimetu kwamba mkono wenye husuda haugusi nywele za bibi harusi, asije akamfungia kizazi. Nguia hakugeuka. Alisema tu kwamba nywele zake atazisuka mtu mwingine.

Tfarrah akarudi chini ya melhfa yake. Safari hii hata upenyo wa pumzi aliuziba. Kuolewa alishakukosa, mwili hakuupata, na sasa alikuwa amempoteza mdogo wake kwa ulimi wake mwenyewe.

Fatimetu ndiye aliyemfuata Salka. Muuguzi alikaa chini, akanywa chai yake taratibu, hakumfunua mgonjwa. Alisema na ile nguo. Alieleza kwamba ugonjwa ule haukai tumboni peke yake. Hupanda kichwani, huleta huzuni na hasira na wivu, na kwamba kambini mna wanawake wengi waliolala kama yeye, kila mmoja akidhani ni yeye tu. Si majini, na si uvivu. Alimtaka aje zahanati kila juma, wazungumze tu, na daktari wa afya ya akili akifika kutoka mjini atakuwa wa kwanza kumwona. Kisha akauliza, kama mtu anayepitisha muda, siku hizi anakulaje.

Fatimetu akamweleza habari ya sinia, kwa fahari.

Salka akaweka glasi chini. Akauliza mikono ya wengine inapita wapi ikienda kwenye nyama iliyo katikati, na mchuzi unaelekea wapi sinia likiinama. Fatimetu akafikiri. Kisha akaficha uso kwa ncha ya nguo.

"Kumbe nilikuwa namtilia sumu kwa mkono wangu."

"Ulikuwa unampenda, mama. Ila mpe sinia lake."

Chini ya nguo Tfarrah alisikia yote. Alikwenda zahanati juma lile, akalia muda mrefu mbele ya Salka, akarudi amechoka lakini akiwa na njaa, jambo ambalo hakulikumbuka tangu lini.

Nguia alikuja mwenyewe, siku chache kabla ya harusi, akimtoroka shangazi. Alikaa mbali kidogo, nywele zimetimka.

"Kwa nini uniombee ugonjwa? Ungeniombea hata mume mbaya."

"Nilitaka mtu wa kula naye."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia uache mkate, ungeacha?"

Nguia alifikiri kwa haki kabisa. "Nisingeacha," akasema. "Lakini ningenawa mikono."

Tfarrah akacheka, na cheko lilimuuma mbavu kama kitu kilichokaa sana bila kutumika. Kisha akasema lililobaki, kwamba wivu bado anao, haujaondoka, na pengine hautaondoka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na yeye atamtazama akila kuskusi ya harusi na roho itamchoma. Nguia akasema anajua. Akasogea, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akala wali kidogo kwenye sinia jipya la dada yake, akasema hauna chumvi. Halafu akageuka, akamkalia mbele na kumpa mgongo.

"Shangazi akinikuta hapa ataniua. Suka upesi."

Tfarrah akachukua kitana. Shingo ya Nguia ilikuwa imenona vizuri, imeng'aa kwa siagi ya majuma yale yote. Akagawa nywele, akaanza kusuka, na akavuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Unaniumiza."

"Najua," Tfarrah akasema, akatia shanga ya kwanza.