Jelagat Akagua Njia ya Watawa

Mzee Kalisti alipopiga simu kutaka basi la kuwapeleka waumini wa kanisa lake kwenye monasteri huko milimani West Virginia, Jelagat alimuuliza swali moja tu.

"Huko juu kuna mahali pa kugeuzia?"

"Kugeuzia nini, mama?"

"Basi, mzee. Basi langu si mbuzi, haliwezi kugeukia juu ya jiwe."

Mzee Kalisti alicheka, kisha akakiri kwamba hajui. Yeye kazi yake ilikuwa kupokea wageni mlangoni mwa hoteli moja kule Alexandria, Virginia. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mtu wa kuvaa suti iliyonyooshwa hata siku ya mapumziko. Wamarekani wakisikia ni Mworthodoksi humuuliza kama ameoa Mgiriki. Naye huwajibu kwa upole kwamba imani hiyo babu yake aliipokea kwa wahubiri waliotokea Uganda, na kwamba yeye alinusa ubani kanisani kabla hajajua Ugiriki iko upande gani.

Jelagat naye alizaliwa Keiyo, ukingoni mwa bonde la Kerio, ambako barabara inateremka kwa kona za kumfanya abiria aombe Mungu hata kama hajawahi. Kila aliyesikia kwao alidhani ni mkimbiaji. Ukweli ni kwamba shuleni alishika mkia katika kila mbio. Alichopenda ni magari. Alikuja Maryland kwa dadake, akatunza wazee mpaka mgongo ukagoma, ndipo akasomea leseni ya mabasi makubwa. Sasa anakaa Laurel na binti yake Jepkosgei, na riziki yake ni kubeba watu: wanafunzi wa kwenda makumbusho, maharusi na wapambe wao, wastaafu wa kwenda kucheza kamari. Akishawafikisha hulaza kiti, akanywa chai ya thermos, akajifunika koti na kusinzia. Walichokifuata abiria hakikumhusu.

Ila barabara ilimhusu. "Sipeleki watu mahali sijapaona," alisema. Basi wakakubaliana waende kwanza wawili, kwa gari lake dogo, kukagua njia.

Asubuhi ya safari Jepkosgei alimkuta mamake akitia futi ya chuma mkobani.

"Mum, wewe unaenda monastery? Seriously?"

"Naenda kuona barabara. Watawa ni wa Mzee Kalisti."

Waliondoka kukiwa na baridi ya Oktoba. Walipouacha msongamano wa Virginia nyuma yao, milima ikaanza kuinuka, majani yake yamegeuka rangi ya kutu na ya dhahabu. Mzee Kalisti alikuwa ameshika mapajani kopo la asali, zawadi ya kuwapelekea watawa, akieleza mpango wake: waumini wafike Jumamosi mchana, wasali sala ya jioni, walale, washiriki ibada ya Jumapili. Aliyemtia wasiwasi ni Bi Despina, mama wa Kigiriki aliyekuwa mkubwa kuliko wote kanisani. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, lakini alikuwa ameapa kwamba hafi kabla ya kufika pale.

"Na wewe dada, unasali wapi?" aliuliza mzee.

"AIC. Kwetu tunapiga makofi. Hayo mambo ya picha na mishumaa, mzee, sikudanganyi, siyaelewi."

"Si lazima uelewe. Wewe tupimie barabara."

Baada ya mji mdogo wa mwisho, mtandao wa simu ukakatika. Lami ikawa kokoto, kokoto ikawa udongo. Jelagat aliendesha polepole akiongea peke yake: kona hii inapitika, tawi lile litakwaruza paa, hapa nikikutana na lori mmoja wetu arudi nyuma. Halafu wakafika kwenye daraja la mbao juu ya kijito, na pembeni yake kibao cha uzito. Akazima gari, akashuka na futi yake. Alipima upana, akachuchumaa kutazama nguzo, akasimama huku akipangusa mikono.

"Mzee, basi halivuki hapa. Haliwezi hata likiwa tupu."

Mzee Kalisti alisogea hadi ukingo wa kijito. Aliitazama njia iliyopanda mlimani ng'ambo ya kijito, kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake. Jelagat alimwonea huruma. "Twende tukawaambie wenyewe," alisema. "Gari dogo litapita."

Lakini hawakuwahi kuwasha gari. Kutoka juu alikuwa anashuka mtawa mmoja mwenye ndevu hadi kifuani, kanzu nyeusi imejaa vumbi la mbao, miguuni ana buti za shamba. Aliitwa Baba Simeoni. Alipoambiwa habari za basi hakushangaa.

"Hakuna basi lililowahi kuvuka," alisema kwa Kiingereza. "Mkulima aliye kule lami inapoishia ana uwanja mpana, huwa anaturuhusu kuegesha. Watu huteremka pale wakapanda kwa miguu. Wasioweza tunawachukua kwa trekta."

"Trekta lina viti?" Jelagat aliuliza.

"Tela la nyasi."

"Kuna mama magoti yake hayafai. Atakaa juu ya nyasi?"

Baba Simeoni alifikiri. "Tutafungia kiti. Mimi ni seremala. Nitakitengeneza leo."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayeahidi kikombe cha maji. Waliacha gari pale pale wakapanda naye, Mzee Kalisti na kopo lake la asali mkononi. Kadiri walivyopanda ndivyo kimya kilivyozidi, hata Jelagat akaanza kuzisikia pumzi zake mwenyewe, kisha majani yakidondoka, moja moja. Alikuwa amesahau kwamba dunia inaweza kunyamaza hivyo. Mara huko juu mtu akaanza kugonga ubao kwa nyundo ya mti, taratibu, halafu kwa kasi, mlio mkavu uliotambaa kutoka bonde hadi bonde.

"Wanaita watu kwenye sala," alinong'ona Mzee Kalisti, akavua kofia.

Jelagat alikusudia kusubiri nje, lakini upepo ulikuwa unakata. Akajifunga skafu kichwani, akaingia, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Kanisa lilikuwa dogo, la magogo. Mwanzoni hakuona kitu ila vimuli vya mishumaa. Macho yalipozoea, nyuso zikaanza kujitokeza ukutani, mmoja baada ya mwingine, watakatifu wenye macho makubwa yaliyotulia. Mmoja wao alikuwa mweusi, ndevu nyeupe, paji pana, amefanana na mjomba wake wa Tambach mpaka Jelagat akaona aibu kumkazia macho. Hapakuwa na ngoma wala kinanda. Watawa waliimba kwa sauti tupu, sauti moja ikikaa chini bila kutikisika kama mwamba, nyingine zikipanda juu yake. Hakuelewa neno. Hata hivyo mikono yake ilikuwa imekwisha kukutana kifuani, naye hakumbuki aliikutanisha saa ngapi.

Halafu Baba Simeoni aliondoka kwa waimbaji, akaja kumnong'oneza Mzee Kalisti sikioni. Mzee akanong'ona jibu, akalirudia polepole. Mtawa akarudi mahali pake, akawapitishia wenzake maneno hayo. Na watawa wote, watu wa milima ile na wa nchi za baridi, wakaanza:

"Bwana hurumia. Bwana hurumia. Bwana hurumia."

Lafudhi yao ilikuwa nzito, "r" inaviringika. Jelagat nywele zilimsisimka toka shingoni hadi mikononi. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ya soko, lugha ya kugombana na makanga stendi ya Eldoret; lugha ya moyoni ilikuwa Kikalenjin cha mamake. Sasa alikisikia kikipanda na ubani mlimani, ughaibuni, vinywani mwa watu wasiojua hata maana ya "habari", na kilikuwa kizuri kiasi cha kuogopesha. Mzee Kalisti aliyekuwa mbele yake mabega yalikuwa yakitikisika. Jelagat akainama.

Njiani kurudi simu zikaanza kulia tena.

"Nimeona barabara," Jelagat alisema hatimaye.

"Kwa hiyo itafaa?"

"Itafaa, mzee."

Jumamosi ya safari ilipofika aliegesha kwenye uwanja wa mkulima. Abiria walishuka na mabegi yao. Trekta lilikuwa linangoja, na juu ya tela kulikuwa na kiti kipya cha mwaloni, kina mikono na mahali pa kukanyagia, kimefungwa kwa kamba pande nne. Walimpandisha Bi Despina. Alikipapasa kiti, akajishika kinywa, akaanza kuongea Kigiriki mfululizo bila kujali nani anamwelewa.

Mzee Kalisti alimgeukia dereva. "Wewe pumzika, dada. Chai si unayo?"

Jelagat alifunga mlango wa basi, akazitia funguo mfukoni. "Nani atakishikilia hicho kiti kwenye kona?" alisema, akapanda kwenye tela, akasimama nyuma ya yule mama mzee. Trekta likanguruma, likashika njia ya kuelekea darajani.