Alisema Angempigia Saa Saba

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, simu yangu iliita, na kabla sijasema lolote nikasikia sauti ya mke wa rafiki yangu wa mtaa wa Kikula: "Muzee, ametuacha." Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: "Unakumbuka maneno alisema?" Niliyakumbuka. Siku mbili kabla ya hapo mimi na yeye tulikuwa kando ya kitanda hospitalini, na mgonjwa, ambaye figo zake zilikuwa zimekwisha kumshinda, alitushika mikono wote wawili akasema: "Kama jambo linanipata, mutoto asiambiwe mbele ya kumaliza mutihani wake. Hata kama munanizika, munizike. Lakini yeye amalize." Mtoto huyo, binti yake wa pekee, alikuwa amelala Lubumbashi kwa baba yake mdogo, na asubuhi hiyohiyo alitakiwa kuingia katika ukumbi wa mtihani wa chuo kikuu kimoja cha binafsi ambacho kila mwaka huombwa na wengi na huchukua wachache.

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba mimi hutembea kwa baiskeli. Marehemu ndiye aliyeniuzia minyororo, breki na mipira kwa miaka mingi, katika duka lake dogo karibu na soko la Kikula. Wazee wake walitoka Maniema wakaja kufanya biashara. Wangu waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba. Yeye alikuwa Mwislamu, mimi ni Mkristo, na hilo halikutuzuia kugombana kwa raha kila nilipopita. Kwa kuwa sikumaliza sekondari, na Kifaransa changu pamoja na hesabu nilijifunza peke yangu jioni baada ya kazi, aliniita Mwalimu Bila Shule. "Mwalimu Bila Shule, leo umesoma nini?" Siku moja nikamjibu kwamba nimesoma breki zake hazidumu. "Ile haiko mu kitabu," akasema bila kuinua macho kwenye gurudumu alilokuwa akilinyoosha. "Ile nilikuambia mwenyewe siku unanunua. Na pesa sirudishe."

Binti yake alipofaulu mtihani wa taifa kwa alama za kupendeza, alitaka kusomea udaktari, tena katika chuo hicho na si kingine. Masharti yalikuwa wazi: matokeo ya shule, barua ya mwombaji kueleza yeye ni nani na anataka nini, ada ya maombi ambayo hairudishwi, kisha mtihani. Baba aliuliza juu ya ada. "Hata ukianguka hawarudishe?" Binti akasema hawarudishi. Mzee akacheka hadi akashika mbavu: "Aa, basi bale bantu niko najua kazi yao. Ni wauzaji kama minye." Wauzaji kama yeye, wasiorudisha pesa.

Barua iliandikwa Jumapili moja uani kwao. Umeme ulikuwa umekatika, jambo ambalo sisi tunaoishi jirani na mabwawa ya umeme ya Koni tumelizoea kuliko wengi, kwa hiyo tulitoa meza nje. Nilialikwa kutazama Kifaransa. Baba hakukijua vizuri, lakini alijua barua inavyoanza.

"Andika kwanza: minye ni mutoto wa fulani, mama yangu ni fulani, tunakaa Kikula, tunawasalimia."

"Papa, hawaulizi ile. Wanauliza minye ni nani."

"Sasa weye utakuwa nani bila baba na mama? Ulianguka toka juu kama mvua?"

"Papa! Majina yenu iko kwa karatasi ya kuzaliwa. Huku nasema mwenyewe."

"Mwalimu Bila Shule, mwambie huyu."

Nikasema binti ana haki: watu wanaosoma barua hizo hawamjui, na wanataka kusikia sauti yake, si ya ukoo. Mzee akapangusa mikono yake iliyokuwa na mafuta ya mnyororo hata siku ya Jumapili. "Muntu anaenda kuomba kitu kwa bantu," akasema mwishoni, "na hawapatie hata salamu ya wazazi wake. Haya, andika mambo yako." Barua ikaanza kwa neno mimi. Wiki iliyofuata nilimkuta dukani akimwambia mteja ambaye hakuwa ameuliza: "Mutoto yangu ameandika barua ya chuo kikuu. Minye simo. Simo hata mustari moja!" Alisema kwa majivuno makubwa kiasi kwamba mteja alinitazama mimi ili nimfafanulie.

Nimefikiri sana juu ya meza ile. Wazazi wetu hawakuulizwa wao ni nani. Kampuni ya migodi iliwapangia nyumba, ikawapangia shule ya watoto na kazi ambayo watoto hao wangefanya baadaye. Mtu aliyetoka katika mikono ya kampuni aliingia katika mikono ya ukoo, na ukoo nao ulimpangia. Leo karatasi ya chuo inamgeukia msichana wa Kikula na kumwuliza: wewe je, unataka nini? Ni swali zuri. Lakini sisi wa nyumbani hatujajifunza kuliuliza. Tunalipa ada ili wageni wamwulize, kisha tunarudi nyumbani na kuendelea kumwamulia.

Nilifika kwao Jumamosi ile aliyofariki, watu wakiwa wameanza kutandika mikeka. Saa moja simu ya mjane iliita. Ni binti. Kila asubuhi alimpigia baba yake, na wanaofanya mtihani huacha simu zao mlangoni, kwa hiyo alitaka kumpata kabla ya kuingia. Mama aliweka simu juu ya mkeka, akafungua sauti ya nje.

"Mama, nipe Papa."

"Papa alisema uandike muzuri," mama akajibu. Hayo yalikuwa kweli. Aliyasema jana yake.

"Ameamuka?"

"Enda, mama yangu. Enda, utachelewa."

"Basi mumwambie nitamupigia saa saba, nikitoka tu."

Simu ilipokatika, dada mkubwa wa marehemu alisimama. "Munafanya nini? Munamunyima mutoto baba yake juu ya karatasi?" Mjane akasema: "Ni neno lake, wifi. Si langu." Shangazi akanigeukia: "Na weye Mukasai, ulisikia kweli?" Nikasema nilisikia. Alichoweza shangazi kukipata kwa wazee ni kwamba maziko, ambayo kwa Waislamu hayalazwi hadi kesho, yasogezwe kutoka adhuhuri hadi alasiri. Binti angetoka saa saba, baba yake mdogo angemwambia na kumleta kwa gari, mwendo wa saa mbili, na angeuona uso kabla jeneza halijatoka, kwa sababu kwao wanawake hawaendi makaburini. Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini lori moja la madini lilikuwa limelala katikati ya barabara ya Lubumbashi. Wazee waliongeza muda mara moja, kisha mara ya pili. Shangazi alikaa mlangoni akitazama njia, na wanaume walipoinua jeneza ilibidi ashikwe ili wapite.

Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini na tunanawa mikono gari lilipoingia. Alishuka akiwa bado na kalamu mbili katika mfuko wa blauzi. Alitazama uani, akatazama mlango ulio wazi wa chumba kitupu, akaelewa kwamba tulikuwa tumekwisha kumzika. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Nani alijua?" Akatugeukia mmoja mmoja. "Asubuhi, niliposema nitapiga saa saba. Nani alijua?" Mama yake akasema kwa sauti ndogo: "Wote. Alikataza, mama. Alitaka umalize." Binti akakaa chini pale aliposimama, katika vumbi, na nguo zake nzuri. "Hakuniuliza," akasema. "Angeniuliza, ningemwambia."

Alifaulu. Jina lake lilikuwa katika orodha. Lakini masomo yalianza mama yake akiwa katika eda, na mjane aliye katika eda hatoki kwenda kusimama dukani. Na bila duka nyumba ile haili. Hakuna aliyemwamulia safari hii. Aliandika barua nyingine, akaniletea nitazame Kifaransa, akaomba nafasi yake ingoje mwaka mmoja. Sikubadilisha neno. Ilianza hivi: "Mimi ni binti wa muuza vipuri vya baiskeli wa Kikula, ambaye alizikwa siku niliyofanya mtihani wenu, na mama yangu yuko katika eda. Wazazi wangu wanawasalimu." Jibu lilikuja likiwa fupi na la adabu: nafasi haingoji, anaweza kuomba upya.

Mlio na watoto wanaoomba vyuo mwaka huu, najua mtawapa kila kitu mlicho nacho. Rafiki yangu alimpa binti yake hata kifo chake, akidhani ni zawadi, na zawadi hiyo ilimnyang'anya uso aliokuwa na haki ya kuuona mara ya mwisho. Mwulizeni mtoto. Mwulizeni mapema, mkiwa wazima, meza ikiwa uani, hata jibu lake likiwa lile msilolitaka.

Juzi nilipita Kikula kununua breki. Binti alinifungia mwenyewe, mikono yake ina mafuta yaleyale. Nikamwuliza juu ya ada ya maombi. "Sirudishe pesa," akasema kwa sauti ya baba yake, akajaribu kucheka, akashindwa, akageukia ukuta. Haikurudishwa. Ilikuwa dola hamsini.