Ua Niliomwandalia Kobe wa Mama

Mama alikubali kuja mjini kwa sharti moja, kwamba kobe apate mahali. Alisema hivyo kwenye simu, sauti ikikatikakatika, kwa sababu kule kwao upande wa Kipsing mtandao unapatikana ukipanda kilima. Nilikubali kabla hajamaliza. Angeniambia nimwandalie ndovu ningekubali pia. Miezi ile nilikuwa naishi roho juu juu. Mbuzi wake wote walikuwa wamechukuliwa mchana kweupe na watu wenye bunduki, na jirani aliyewafuata hakurudi. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa amebaki katika boma lisilo na mifugo, yeye na kobe tu.

Kobe huyo nilimkuta duniani. Baba alimwokota porini akiwa mdogo kama sahani, akamtia kwenye zizi la mbuzi, naye akakaa. Asubuhi aliachiwa pamoja na mbuzi, jioni alijirudisha mwenyewe, nyuma ya wote, na mlango wa miiba haukufungwa mpaka aingie. Mama aliamini kwamba wanambuzi waliozaliwa karibu naye hawafi ovyo. Kobe alikua mpaka mtoto akaweza kukaa mgongoni, na mtoto aliyekaa ni mimi. Ana kovu jeusi upande mmoja, la mwaka nyasi ziliposhika moto. Mama humwita mzee.

Kila nilipomsihi mama ahame, alinijibu kwa swali lilelile: "Na mzee je?" Mwanzoni nilidhani ni kisingizio. Baadaye nikaona kwamba hiyo ndiyo sababu hasa, na nikajiambia kwamba sababu ikiondoka, mama atakuja. Basi nikaamua kuiondoa.

Nyumba yetu iko Isiolo mjini, na nyuma yake kuna ua ambao mpaka wakati huo ulikuwa wa kuanika nguo na kurundika vitu tusivyotaka kuvitupa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nikitoka kazini nilikuwa nabadilisha nguo na kushika jembe. Niliokota misumari, vipande vya chupa na mifuko ya plastiki iliyozama udongoni, kwa sababu kobe hula kila kitu laini anachokutana nacho. Nilihamisha jiko la makaa. Nilikwenda pia kwa watu wa wanyamapori kuomba kibali, maana kobe ni wa serikali hata kama amelala kwenu tangu hujazaliwa. Walinisikiliza, wakacheka kidogo, wakanipa masharti yao, nikayafuata yote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa wavu. Nilinunua wavu wa kuku, nikauzungusha vizuri, nikampigia mama simu kwa majivuno.

"Akiwa ndani anaona nje?" akauliza.

"Anaona vizuri kabisa."

"Basi toa. Mzee hajui kuzunguka kitu. Akiona mahali anapataka atasukuma tu, mpaka aumie au huo waya wako uumie."

Nikautoa. Mume wangu, ambaye ana pikapu ya kupeleka bidhaa Kipsing siku za soko, aliniletea mabati ya zamani, tukachimba mtaro kuzunguka ua, tukayazika nusu na kuyakandamiza kwa mawe. Alikuwa akifuta jasho na kunitania.

"Mama watoto, hii ni nyumba ama ni jela?"

"Wewe chimba."

Jirani yetu, mama mmoja kutoka Meru mwenye kibanda cha mboga, alikuja kuchungulia. Akaniuliza kama sisi watu wa mifugo tumeishiwa na mbuzi mpaka tunaanza kufuga mawe. Nilicheka naye, lakini lilinichoma, kwa sababu mbuzi kweli walikuwa wameisha. Kesho yake alituma maganda ya tikiti maji na majani ya kabichi kwa ajili ya mgeni.

Niliendelea kumpigia mama, naye kila mara alipanda kilima chake kunielekeza. Kivuli kiwe upande wa jua la alasiri. Maji yasiwe kwenye ndoo, yawe kwenye kitu cha chini anachoweza kuingia kwa miguu. Nikauzika mfuniko wa pipa ukalingana na ardhi. Nyasi ziwe nyingi, mboga kidogo. Nikabeba nyasi kutoka kiwanja cha shule ndani ya gunia, mwalimu mzima, wanafunzi wakinitazama. Nilikuwa na furaha ya ajabu katika kazi ile, pamoja na hofu, kwa sababu kila simu iliyochelewa kupatikana ilinifanya nifikirie bunduki. Chumba cha mama nilikitengeneza alasiri moja tu. Nilipaka rangi, nikaweka kitanda na godoro jipya, nikafunga mlango, nikarudi kwenye ua.

Walifika siku ya soko jioni. Kobe alikuwa nyuma ya pikapu, ndani ya pipa lililokatwa katikati na kujazwa nyasi. Mama alikuwa mbele, furushi moja magotini. Hakuingia nyumbani. Alipita moja kwa moja hadi uani, akazunguka akibonyeza mabati kwa kiganja, akagusa maji, kisha akachuchumaa na kutazama kila upande kutoka pale chini, kwenye kimo cha kobe.

"Umefanya vizuri," akasema.

Mama yangu hasifu watu. Niligeuka nikajifanya nashughulika na gunia, maana machozi yalikuwa karibu.

Nilipomwonyesha chumba alisema kitanda ni kizuri. Usiku huo alilala sakafuni juu ya ngozi yake, na usiku uliofuata vilevile. Furushi lilikaa pembeni limefungwa. Nikajipa moyo kwamba atazoea.

Aliyenitia wasiwasi ni kobe. Siku za mwanzo alitembea kandokando ya bati la upande wa magharibi, upande wa Kipsing, akienda na kurudi, ganda likikwaruza mpaka meno yakaniuma. Mama alikaa kwenye kigoda akimwangalia. Nilirudi kutoka shuleni nikiwakuta hivyohivyo, na kila siku nilitegemea aniambie warudishwe wote wawili. Halafu siku moja nikakuta kimya. Kobe alikuwa chini ya kivuli, shingo nje, akitafuna. Siku iliyofuata aliingia mwenyewe kwenye maji. Jioni ya tatu alijivuta hadi pembeni penye nyasi kavu akalala kabla jua halijazama, na mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyemaliza kuhesabu mbuzi wake wakatimia. Nilimwambia mume wangu kwamba sasa wamezoea. Nilisema wamezoea, wote wawili, na nilimaanisha hivyo.

Jioni hiyohiyo tukiwa mezani mama alimgeukia mume wangu. Akizungumza naye hutumia Kiswahili.

"Keshokutwa ni soko. Utanibeba?"

"Nitakubeba, mama."

Nikamuuliza kama anataka kwenda kusalimia watu.

"Naenda kufunga boma," akasema, safari hii kwa lugha yetu.

Nililielewa neno hilo kabla sijataka kulielewa. Kwetu boma haliachwi likiwa na kiumbe hai ndani. Ukihama, unatoa wote, hata kuku, hata mbwa mzee. Kisha mama mwenye nyumba anazoa majivu, anayatoa mawe ya jiko, na anavuta miiba kufunga mlango kwa nje. Hapo ndipo umehama. Usipofanya hivyo umekimbia tu, na mtu aliyekimbia hapati usingizi popote anapolala. Nimelijua hili tangu utoto. Nilimsikia mama akiuliza "na mzee je" mara zote zile, na halikunijia hata mara moja.

"Halafu utarudi hapa," nikasema.

"Mama yako mdogo anahama na mbuzi wake kwenda kwenye nyasi. Amenitengea wangu wa kuanzia. Naenda nao. Ni mzee aliyekuwa amenishika. Hawezi mwendo wa mbuzi, na singeweza kumwacha."

"Huko kwenye nyasi ndiko kuna bunduki."

"Ziko," akasema.

Niliinuka. Nilisema maneno mengi, kwa sauti ambayo mtu hamtolei mama yake. Nikamkumbusha jirani ambaye hakurudi. Nikamwambia kwamba kitanda kipo, daktari yuko karibu, kanisa liko karibu, na kwamba mikono yangu imetoka malengelenge kwa ajili yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mume wangu alikuwa ameinamia sahani yake. Mama alikuwa amemdokezea njiani, naye alidhani najua.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" nikamuuliza mama.

"Ningekuambia, ungetengeneza huo ua?"

Nilikwenda kusimama mlangoni mwa chumba chake, nikatazama furushi ambalo halikufunguliwa, na hapo ndipo nikaona kilichokosekana. Hakuleta kibuyu chake cha maziwa. Mwanamke wa kwetu anayehamia mahali hukibeba hicho kwanza, kabla ya nguo, na mimi nilikuwa nimempokea furushi lile kwa mikono yangu nikashangaa wepesi wake.

Asubuhi ya soko aliingia uani peke yake. Alimmwagia kobe maji mgongoni, akalisugua lile kovu kwa kiganja, akamwambia kitu ambacho sikukisikia. Kisha akapanda mbele ya pikapu. Mimi alinishika mkono, akaushika muda mrefu, akaniambia nyasi ziwe nyingi, mboga kidogo. Mume wangu anasema alimsubiri mama mpaka alipovuta miiba mlangoni, na kwamba alipomaliza aliondoka bila kugeuka nyuma, akitembea haraka.

Kitanda bado kimetandikwa. Nikitoka shuleni napiga namba yake, naambiwa haipatikani, najiambia kwamba huko walikohamia hakuna kilima. Kisha naenda uani. Siku nyingine namchukia kobe huyu. Anakula, analala kivulini, hasukumi kitu. Ua umemtosha kabisa. Leo nilimjazia maji kwenye mfuniko, naye akaja mara moja akanywa, na alipomaliza nikapiga simu tena.