Mama Heloti

Mwanaume aliyenipa jina hilo alikuwa mwalimu wa historia kule Uvira kwa miaka mingi, kabla vita havijatutawanya. Nilipomkuta Louisville tulikuwa ghala moja, upande wa Okolona, yeye akivuta mizigo, mimi nikibandika lebo kwenye maboksi. Lakini Jumamosi asubuhi aligeuka mtu mwingine. Alivaa suti ya kahawia na tai, akasimama mbele ya ubao katika ukumbi wa chini wa kanisa letu, akatufundisha Wakongomani wenzake tuliokuwa tunaomba uraia wa Marekani.

Sisi tulitaka Kiingereza cha kusoma na kuandika, pamoja na majibu ya maswali ambayo ofisa wa uhamiaji huuliza. Yeye alitaka kwanza tujue uraia ulikotoka.

"Bon," alisema siku ya kwanza. "Mutu hazaliwi raia. Anafundishwa kuwa raia. Bagiriki njo balijua hiyo mbele ya batu bote."

Nakiri kwamba alijua kusimulia. Alituambia jinsi mtoto wa kiume wa Sparta, mji wa Wagiriki wa kale, alivyochukuliwa kutoka kwa mama yake akiwa na miaka saba, akalazwa na wenzake juu ya mafunjo waliyoyavunja mtoni kwa mikono mitupu. Walipewa chakula kidogo ili waibe, na aliyeshikwa alichapwa, si kwa kuiba bali kwa kushikwa. Wa Athene alifundishwa kusoma, kupiga kinubi, kushindana mieleka na kukariri mashairi ya zamani, na alipofika miaka kumi na minane alipewa ngao na kula kiapo cha kuulinda mji. Hata watoto wachanga tuliowapakata mle darasani walinyamaza.

"Mwalimu," niliuliza, "na batoto banamuke? Balifundishwa nini?"

"Kule Athene, binti alikaa nyumbani na mama yake, akajifunza kusokota nyuzi. Hakuingia mkutano ya raia. Donc, bamama, musikasirike. Mukae kule nyuma, karibu na jiko, muangalie chai."

Wanaume walicheka. Tuliinuka na viti vyetu tukarudi nyuma. Mimi, kwa ujinga wangu, nikaendelea kuuliza. Nilitaka kujua, kama hao Wasparta walishinda kutwa kwenye mazoezi ya vita, ni nani aliyewalimia mashamba.

Alifurahi kana kwamba nimemfungulia mlango. Walilimiwa na heloti, alisema, watu wa nchi ya jirani waliotekwa na kufanywa watumwa. Tena Wasparta waliwalazimisha heloti kunywa divai mpaka wakalewa, kisha wakawaingiza mahali walipokula wanaume, wakiyumba na kuimba nyimbo za aibu, ili vijana waone mtu hapaswi kuwaje.

"Hiyo pia ilikuwa masomo," alisema. Kisha akaniita ubaoni nisome sentensi moja ya Kiingereza.

Nilikuwa nimeishia darasa la pili la shule ya msingi. Nikasoma neno la kwanza, la pili likanishinda. Hakunisaidia, wala hakuniambia nikae. Alingoja mpaka kila mtu ameniangalia vizuri, ndipo akawageukia.

"Munaona? Basparta balikuwa na heloti yao ya kuonyesha. Sisi tuko na huyu mama. Mumuangalie muzuri, musikuwe hivi."

Jumatatu jina lilikuwa limeshafika ghalani. Jumapili iliyofuata, mlangoni mwa kanisa, hata wanawake tuliohama nao viti waliniita Mama Heloti. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, akaniuliza kwa Kiingereza maana yake. Nikamdanganya kwamba ni jina la ua. Akatafuta kwenye simu yake, akaingia chumbani, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Sisi wawili tu ndio tuliokuwa tumebaki katika nyumba yetu. Baba yake alizikwa katika kambi ya wakimbizi.

Nilienda kwenye usaili wa uraia nikiwa na jina hilo kichwani. Ofisa aliponipa sentensi nisome, nilimwona yule bwana na suti yake ya kahawia, neno la pili likanishinda tena. Nikaanguka mtihani. Jumapili hiyo mwalimu alisimama kanisani akaomba maombi kwa ajili ya "dada yetu aliyeanguka mbele ya serikali." Watu wakasema amina. Mimi sikusema amina. Niliapa, palepale kwenye benchi, kwamba siku moja atasimama mahali niliposimamishwa mimi.

Tukahamia Columbus kwa dada yangu. Nilipata kazi Westerville, katika nyumba ya kutunzia wazee, ya kuwaogesha na kuwalisha. Wikendi nilifanya zamu na msichana Mkenya aliyekuwa anasomea historia chuo kikuu. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, nilimweleza habari zangu zote. Hakucheka.

"Mama, huyo ni mwalimu wa aina gani, anafundisha nusu ya kitabu?"

Wiki iliyofuata alikuja na kitabu kinene chenye picha. Tangu hapo kila mapumziko alisoma sentensi kwa Kiingereza, mimi nikairudia, kisha akanieleza kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma. Na nilijifunza yale ambayo yule bwana aliyaficha, au hakuyajua. Mabinti wa Sparta walikimbia, walipigana mieleka, walirusha mkuki, na walipokua walisema mbele ya wanaume bila kuinamisha uso. Heloti nao walikuwa wengi kuliko mabwana zao. Wasparta waliwafanya watoto wao kuwa askari kwa sababu waliwaogopa watu waliowalisha.

Hilo nilimwomba alirudie mara tatu.

Akaniambia pia kwamba baada ya tetemeko kubwa la ardhi heloti waliinuka, wakapanda mlima, wakakaa huko miaka na miaka. Jeshi lote la Sparta likashindwa kuwashusha, mwisho wakaachwa waende zao.

"Mama, wewe unasoma kama mtu anayenoa panga," msichana alisema.

"Ninanoa," nikamjibu.

Nikaomba uraia tena, na safari hii ofisa aliniuliza, nikajibu. Akanipa sentensi, nikaisoma mpaka nukta. Siku ya kiapo watu walilia, wakakumbatiana, binti yangu akanipiga picha. Mimi nilikuwa nawaza mtu mmoja tu. Mwanamke mmoja wa Louisville alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba mwalimu alihamia Buffalo, akafungua darasa lake katika kanisa moja kule Kenmore, pembeni ya mji.

"Na unajua jambo?" aliongeza. "Yeye mwenyewe hajaomba uraia. Mke wake alipata zamani. Yeye kila mwaka anasema mwaka ujao. Anaogopa kile Kiingereza."

Binti yangu alipopata nafasi ya chuo Buffalo, nilimwambia nahama ili niwe karibu naye. Ulikuwa nusu ya ukweli.

Jumamosi ya kwanza niliingia darasani kwake, nikaketi mstari wa mbele, katikati ya wanaume. Alinitambua. Alisitasita, kisha akaanza na Athene kama kawaida yake, na alipofika kwa mabinti nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na ba Sparta je?"

"Sparta ni... bon, tutafika kule."

Sikumngoja afike. Nilisimama nikawaeleza mimi, wale mabinti na mikuki yao, heloti na mlima wao, neno kwa neno. Wanawake kule nyuma walikuwa wameacha kumimina chai. Nilipomaliza nikamgeukia.

"Sasa tuonyeshe karatasi yako ya uraia, na sisi tujifunze."

"Hizo mambo zinachukua muda, mama."

"Muda gani? Uliomba lini?"

Akaanza kufuta ubao. Wanaume wakatazamana. Mwanamke mmoja akacheka, wa pili akacheka, kisha ukumbi wote. Sitadanganya, nilisikia utamu mpaka kwenye meno.

Lakini haukunitosha. Nilimwomba mchungaji chumba cha upande wa pili wa ukumbi, nikafungua darasa langu siku ileile, saa ileile. Wanawake walihama wote, wanaume wakafuata mmojammoja. Alibaki na mzee mmoja aliyezoea kusinzia, na alipohama huyo pia, taa za upande ule zikazimwa.

Katikati ya baridi, wakati theluji imefika madirishani, mwalimu alisimama mlangoni kwangu na daftari mkononi.

"Naomba kiti," alisema.

Nikamwonyesha kiti cha nyuma kabisa. Haikupita nusu saa nikamwita ubaoni asome. Alisoma Kiingereza kwa matamshi ya Kifaransa, akapotea kwenye neno la tatu. Darasa likacheka. Nikawaacha wacheke. Nikamwambia aanze tena. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni na mimi sikusema akae.

Binti yangu, aliyekuwa akinisaidia matamshi, aliinuka bila kuniuliza. Akasimama kando yake, akamtamkia lile neno polepole, yeye akalifuata. Akamtamkia lililofuata. Wakafika mwisho pamoja.

Kwenye gari binti aliangalia theluji dirishani. Nikamwambia, "Huyu mutu alikuliza wewe."

Huwa ananijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili. "Ndiyo, mama. Nilikuwa mutoto. Leo umeniliza wewe."

Sikumwita tena mwalimu ubaoni. Lakini kiti sikumbadilishia. Alikaa palepale nyuma kila Jumamosi, hakukosa hata moja, na binti yangu alikaa karibu naye. Alipeleka maombi yake, na majira ya kuchipua alikwenda kwa ofisa, akafaulu mara ya kwanza.

Jumapili alitoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu, mchungaji, mke wake, hata yule ofisa. Hakunitaja mimi, wala hakumtaja binti yangu. Binti akanishika mkono kwa nguvu, akidhani nitasimama. Sikusimama. Kanisa zima lilijua nani alimfundisha, na alivyozidi kuorodhesha shukrani, ndivyo nyuso zilivyozidi kugeuka kuniangalia mimi badala yake. Aliliona hilo. Maneno yakaanza kumkatikia, akaruka majina mengine, akaketi kabla hajamaliza, kichwa chini.

Sijamsamehe. Nilipiga makofi pamoja na wengine, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuacha.