Asali ya Kaka Yangu Iliachwa Chini ya Lori

Admin, naomba jina langu ulifiche, maana Tabora tunafahamiana. Mimi ni mama wa miaka sabini na minne, mjane, naishi na binti yangu hapa mjini. Yeye ndiye anayeniandikia, na mengine anayasikia leo kwa mara ya kwanza. Jumamosi hii nimealikwa kwenye sherehe, na tangu nipate barua ya mwaliko sikai nikatulia. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimeajiriwa na kiwanda kimoja cha kusindika asali hapa Tabora. Kazi yangu ilikuwa kwenda vijiji vya upande wa Sikonge kupokea asali kwa warina asali. Kwetu ni huko huko. Baba alifariki mapema, akanilea kaka yangu mkubwa. Yeye aliacha shule ili mimi nisome, akaingia msituni kwenye mizinga ya baba.

Wakati huo karibu kila mtu alitumia mizinga ya magome. Unaubandua mti gome zima kama unavyovua soksi, unapata mzinga wako, na mti unakauka umesimama. Nilipita sehemu nilizochezea utotoni nikakuta miti mitupu, mikavu, mpaka mbali. Nikamwambia meneja wetu, "Tukiendelea hivi, hawa nyuki watakula maua ya wapi?" Alinisikiliza. Tukakubaliana kwamba kiwanda kitanunua asali ya mizinga ya masanduku ya mbao peke yake, kwa sababu mti mmoja unatoa masanduku mengi.

Nikaenda kuitangaza habari hiyo kwenye mkutano wa kijiji. Watu walinuna. Mzee mmoja akasema, "Huyu mtoto kasoma, sasa anataka kutufundisha nyuki." Ndipo kaka akasimama. "Huyu ni mdogo wangu, hawezi kunidanganya. Mimi naanza." Nikasema mbele ya wote, kwa mdomo wangu huu, "Atakayebadilisha, asali yake itapokelewa ya kwanza."

Kaka hakufanya mchezo. Alishusha mizinga yake yote ya magome akaivunja, akatengeneza masanduku. Wachache wakamfuata. Wengine wakasema watangoja waone.

Nyuki nao wana mambo yao. Msimu ule wengi hawakuingia kwenye masanduku. Kiwandani mapipa yalikuwa matupu, na kuna shule na hospitali zilikuwa zinasubiri asali yetu. Tukarudi kijijini na lori. Waliokuwa bado na magome walijaza uwanja kwa madebe, na mimi nikayapokea yote. Kwenye fomu, mahali pa kuandika aina ya mzinga, niliandika "mbao". Debe baada ya debe, "mbao".

Kaka alifika mchana na baiskeli, amefunga madebe mawili, moja halikujaa. Lori lilikuwa limefurika, utingo anafunga kamba. Kaka aliyatazama yale madebe, akamtambua mwenye kila debe. Kisha akanitazama mimi.

"Dada, ulisema ya kwanza."

Nikamjibu, "Kaka, lori limejaa. Safari ijayo."

Wale waliokuwa wamenuna siku ya mkutano wakacheka. Kaka aliteremsha madebe yake akayaacha pale chini ya lori, akapanda baiskeli tupu akaondoka. Mwaka ule watoto wake walishindia mihogo, na mimi nilipowapelekea unga, wifi yangu aliurudisha. Mama yetu alipofariki, mimi na kaka tulisimama pande mbili za kaburi.

Lakini masanduku hakuyaacha. Miaka ikapita, nyuki wakaingia, na waliomcheka wakaenda kujifunza kwake. Msitu ule umesimama mpaka leo kwa sababu yake.

Sasa kuna kampuni mpya inayofungasha asali na inanunua kwa warina asali wasioua miti tu. Bwana mmoja kijana kutoka kwao alikuja nyumbani. "Shikamoo bibi. Tumeziona fomu zako za zamani. Kumbe wewe ulianza haya mambo kabla yetu sote!" Wanataka kunipa tuzo mbele ya kijiji kizima. Wanangu wamekwisha kushona sare.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa kaka. Ana miaka themanini na tatu, anatembelea fimbo. Nilimweleza habari ya sherehe. Akasema, "Tuzo chukua, mimi hainiongezei wala hainipunguzii. Nataka uniambie kitu kimoja tu. Kwa nini?"

Nikamwambia meneja alinilazimisha. Nimewaambia watu hivyo maisha yangu yote, mume wangu alikufa akiamini hivyo. Kaka akaitikia kwa kichwa, akaniaga vizuri tu. Nililia njia nzima mpaka Tabora.

Ndugu zangu, meneja hakunilazimisha. Marehemu yule alikuja mpaka mezani kwangu akaniuliza, "Wewe ndiye unayewajua wale watu. Unaonaje, tuvumilie msimu huu au tununue tu?" Alikuwa tayari kuvumilia, nilimwona usoni. Mimi niliogopa mpango wangu usionekane umeshindwa, nikasema, "Tununue tu. Fomu niachie mimi."

Binti yangu ameacha kuandika kidogo, ananitazama. Anasema nimwambie kaka peke yake, sherehe iendelee, nisiwaaibishe wajukuu. Mimi moyo unaniambia niseme palepale uwanjani, nilipowaahidi. Nikisema, wanangu watainamisha vichwa. Nikinyamaza, nitapokea tuzo ya kaka yangu huku yeye amekaa anatazama.

Jumamosi ni keshokutwa. Wenye busara, na hata mnaotaka kunigombeza, niambieni: mngekuwa mimi, mngefanyaje?