Mdhamini wa Msafu

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, kila mtu wa nyumba yetu alikuwa na mti wake, na chini ya mti huo kitovu chake. Ukizaliwa, Koko, bibi yetu, mama yake Papa, alingoja kitovu kikauke na kudondoka, kisha akakifukia uani pamoja na mbegu ya tunda lolote lililojaa sokoni juma lile. Mimi nilizaliwa majira ya parachichi, kwa hiyo mimi ni parachichi, na mkitazama umbo langu la leo hamtabisha. Kaka yetu alipata mpapai. Ulikua haraka, ukazaa haraka, ukafa haraka, na yeye mpaka leo yupo Mangobo anauza vipuri vya pikipiki. Hapo tu ningepaswa kushtuka kwamba ya mti si ya mtu, lakini mtoto hashtuki panapofaa.

Dada yetu mkubwa, Yaya Sofi, alipata msafu.

Safu lililoiva ni la zambarau, nene kama kidole gumba cha tajiri. Unalitia kwenye maji ya moto, linalainika, unalila na chikwange, mkate wetu wa mihogo, na chumvi, na kwa dakika kumi huna shida duniani. Lakini msafu wa Yaya Sofi haukumpa mtu dakika hata moja. Kila mwaka maua, kila mwaka nyuki wengi mpaka tunafunga madirisha, halafu bure. Mti ulikuwa na umri wa dada yangu, miaka kumi na tisa, na haukuwahi kuangusha tunda moja hata kwa bahati mbaya.

Jambo hilo lilikuwa la kuchekesha tu mpaka wachumba walipokuja. Walitoka Lubunga, ng'ambo ya mto. Shangazi wa bwana alikula vizuri, akasifu mchuzi, kisha akaomba kwenda chooni. Njiani akasimama chini ya msafu, akainua uso kama mtu anayetafuta paa linapovuja.

“Ni ule wa binti?” akauliza.

“Ni ule,” Mama akajibu.

Wageni walivuka kurudi kwao, na majuma mawili yakapita bila habari. Yaya Sofi akaacha kula. Alimpenda yule kijana. Hata mimi niliyekuwa na miaka tisa nililiona, maana alikuwa anafua nguo ambazo hazijachafuka.

Koko akaamua mti utishwe. Desturi yenyewe ilitaka watu wawili. Mmoja anakuja na shoka, anautukana mti, anatangaza kuukata. Wa pili ni mdhamini: anasimama kati ya shoka na mti, anaomba, anaahidi kwa niaba yake kwamba msimu ujao utazaa. Mara tatu shoka, mara tatu maombi. Mti unapata hofu na unapata huruma, vyote asubuhi moja, na hapo unajirekebisha. Mdhamini lazima awe wa tumbo moja na mwenye kitovu. Kaka alikuwa na homa. Nikabaki mimi.

Siku tatu Koko alinifundisha maneno. “Usiongeze, usipunguze,” aliniambia. “Kile mudhamini anasema, muti inasikia, na mwenye kitovu inamufikia.”

Nimechekesha watu miaka thelathini tangu hapo, Kisangani, Kindu, Bukavu, kwenye kumbi zenye umeme na zisizo nao. Mgongo unaniuma. Magoti yananiuma. Nikienda msibani watu wananiangalia wakingoja niseme kitu. Lakini onyesho langu la kwanza lilikuwa lile, uani kwetu mjini Kisangani, komini ya Tshopo, umande ukiwa bado kwenye majani, na majirani wamejaa mpaka juu ya ukuta.

Papa akaja na shoka. Alikuwa mtu mpole, karani, na shoka alilishika kama mwavuli.

“We muti!” akapaza sauti. “Unakunywa maji yetu, unakula udongo yetu, matunda iko wapi? Leo nakukata!”

Nikasimama mbele. “Papa, muwache! Mi niko mudhamini yake. Musimu yenye kuja atazala.”

Hakuna aliyepiga makofi. Papa akarudia, nami nikarudia. Jirani mmoja akapiga miayo. Nilimwona kabisa, na mpaka leo nikiona miayo ukumbini naingiwa na wazimu uleule. Papa akainua shoka mara ya tatu. “Leo nakukata!”

“Kata tu, Papa,” nikasema. “Tupate makala ya kupikia.”

Jamani, walivyocheka! Mtu mmoja alianguka kutoka ukutani. Papa mwenyewe alicheka mpaka mikono ikalegea, shoka likashuka lenyewe, likabandua kipande cha gome. Utomvu ukatoka, mweupe. Nikageuka kutazama watu wangu, maana tayari walikuwa watu wangu, na nikamwona Yaya Sofi kwenye mlango wa jiko. Alikuwa amejifunika kitambaa kipya kwa ajili ya siku ile. Akaingia ndani.

Koko hakucheka. Alinikaribia akasema polepole, “Umefunga mulango ya dada yako na mudomo yako.”

Harusi ilifanyika hata hivyo, ingawa kichekesho changu kilivuka mto kabla ya bibi arusi. Msafu ukatoa maua, nyuki wakaja, bure. Yaya Sofi akakaa mwaka, akakaa miaka mitatu, akakaa sita. Mtoto hakuja. Mwaka wa saba mume akahamia Ubundu na mwanamke mwingine, na dada yangu akabaki Lubunga na shamba la mihogo na biashara ya chikwange. Koko alikuwa ameshafariki, lakini maneno yake yalikuwa mazima.

Kipande kile cha gome nilikiokota. Nimesafiri nacho kila ziara, ndani ya sanduku la vipodozi vya jukwaani. Na kila mwezi, popote nilipokuwa, nilirudi nikapanda pirogi, mtumbwi wa kasia, kwenda Lubunga na sabuni, sukari, chumvi, samaki wa kukaushwa, na vichekesho vipya nilivyompa dada yangu kwanza, kabla ya mtu yeyote. Sikuomba msamaha hata siku moja. Nilileta sukari.

Mwezi uliopita nilitaka mche wa msafu kwa ajili ya kiwanja changu. Mama mmoja muuza miche alininyang'anya ule niliouchagua.

“Mama, wacha hiyo, ni ya mbegu. Ya mbegu inaweza kutoka dume.”

“Dume namna gani?”

“Msafu iko dume na jike, kama batu. Dume inatoa maua tu, nyuki inajaa, matunda hapana. Uombe, utukane, hapana. Chukua hii, imetolewa kwa tawi ya mama yenye kuzala.”

Nililipa, sikumbuki kama nilichukua chenji. Nikashuka moja kwa moja mpaka mtoni na mche wangu kwapani.

Nilimkuta Yaya anafunga chikwange kwenye majani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nikihema: ulikuwa dume, Yaya, haukuweza kuzaa, hata ningesema maneno ya Koko mara mia.

Akafunga kamba, akachukua jani jingine.

“Ni leo ndiyo unajua?”

“Wewe ulijua?”

“Mama mukwe aliniambia mwaka ya kwanza. Batu ya huku banajua safu.” Akatandaza jani. “Kicheko kile, ndiyo, kiliniuma. Nilisikia kila mutu, nilisikia na Papa. Lakini mutoto hakukuja kwa sababu hakukuja, mudogo yangu. Bon. Ni hivyo.”

“Na umeniacha nibebe hii kitu miaka yote? Sababu gani?”

“Ningekuambia,” akasema, “ungekuja?”

Niliuweka mche chini.

Sijui kama mti unasikia. Koko aliamini, na alikuwa amezika vitovu vingi kuliko mimi. Ninachojua ni kwamba woga ndio uliokuwa unanivusha mto kila mwezi, na nilikuwa nauita mapenzi. Pengine kwa kuvuka sana ulikuwa umeshageuka. Pengine haukugeuka. Nimechoka kuuchunguza.

Kule ufukweni wapiga kasia walikuwa wanaita abiria wa mwisho. Yaya akaniambia niende, pirogi itaniacha. Nikavua viatu, nikaketi kwenye mkeka, nikavuta rundo la majani upande wangu.

“Hujui kufunga,” akasema.

“Sijui,” nikasema. “Nionyeshe.”